Mkono wa Kelepi

Msiniambie Kelepi aliharibu picha kwa woga. Nilikuwepo, nimeketi ubavuni mwa dada yake Lesieli, na hadi leo nikisikia mtu anamcheka, damu inanichemka.

Ilikuwa picha ya wahitimu, pale shuleni kwa wamishonari, Tonga. Kelepi alikuwa ameahidiwa kituo cha ualimu kisiwani Vava'u. Mama yake alishamsukia mkeka mpya wa kuvaa kiunoni, vazi letu la heshima. Mpiga picha, mgeni aliyeshuka na meli, akatupanga kwa urefu tu. Wasichana tukakaa mbele, wavulana wakasimama nyuma. Kelepi akaangukia nyuma ya Lesieli.

"Kila mvulana aweke mkono begani kwa aliye mbele yake," mpiga picha akasema. "Asitikisike mtu mpaka nifunike kamera. Kioo cha kupigia picha kilichobaki ni hiki tu."

Mungu wangu! Kwetu kaka na dada wakishakua hawakai hata chumba kimoja, sembuse kugusana. Lesieli akanigeukia.

"Mwalimu Mkuu, hao ni kaka na dada," nikamwambia mkuu wa shule, aliyesimama kando ya kamera. "Wabadilishe nafasi."

"Kaka na dada? Vizuri zaidi! Funga mdomo, Seini. Atakayeharibu picha hii, kituo hana."

Kamera ikafunuliwa. Kwa pembe ya jicho nikauona mkono wa Kelepi ukishuka, ukakomea hewani, karibu kabisa na bega. Jua linachoma, tumebana pumzi. Mkono ukaanza kucheza. Usimguse, jamani, kaza hapo hapo, nikaomba moyoni. Jasho likamtiririka mpaka kwenye kiwiko.

Picha ilipotoka, nyuso zote zilikuwa safi. Ila begani kwa Lesieli palikuwa na kitu kama moshi, pale mkono ulipocheza.

"Kelepi!" Mwalimu Mkuu akafoka. "Kuweka mkono tu kumekushinda?"

"Ni dada yangu, Mwalimu."

"Basi nenda nyumbani kwenu."

Akaenda. Alilima viazi vikuu mpaka akafa, na kila mavuno vilivyonona zaidi alivitua nje ya mlango wa Lesieli, kisha akageuka bila kuingia. Niliumia sana kwa ajili yake, naye hata siku moja hakulalamika.

Ile picha Lesieli aliiomba, akaitundika ukutani. Juzi mjukuu wangu akamwuliza, "Bibi, mbona unatunza picha iliyoharibika?"

"Imeharibika wapi?" Lesieli akamjia juu. Akaweka kidole kwenye ule moshi. "Hapo kaka yangu hakunigusa."