Mkwe Aliyejifunza kwa Masikio

Enzi zetu, wenzangu wa Ipyana mtakumbuka, mke hakuutazama uso wa baba mkwe wake. Akisikia kikohozi chake njiani alijitupa migombani, hata akiwa na mtungi kichwani. Jina lake hakulitaja. Sisi watoto tulifanya mchezo: tulijificha tukakohoa kama babu ili tuwaone mama zetu wakikimbia, kisha tukachapwa, tukacheka huku tunalia. Mtoto wa leo ukimwambia apishe mkubwa, anakuuliza kwa nini.

Babu yangu mzaa baba alikuwa fundi wa ipango, ule ubao wa nyuzi saba unaokalishwa juu ya kibuyu. Aliitwa kwenye misiba mpaka Itungi. Mchana alipiga barazani, na mama yangu, upande wa pili wa ukuta wa mianzi, alimenya ndizi mbichi za kupika mbalaga. Mara nyingi nilimwona kisu kimemsimama mkononi, anasikiliza.

Siku moja alichukua chungu cha Kikisi, kile cha wafinyanzi wa ziwani, kilichovunjika mdomo, akakikazia nyuzi, akaanza kutafuta nyimbo za babu kila mzee alipokwenda kuwatazama ng'ombe. Mwanzoni ilikuwa kelele tupu, nami nilimcheka. Alisema anasikia sauti tatu kwa pamoja, kwa hiyo lazima mzee anatumia vidole vyote. Basi akavifundisha vyake, kimoja kimoja, mvua zikaja na kupita. Mwaka wa pili vilikimbia kila kimoja na njia yake, na mimi sikucheka tena. Lakini aliniapisha nisiseme. Mkwe kupiga nyimbo za baba mkwe wake ilikuwa sawa na kumtaja jina. Angerudishwa kwao na ng'ombe wa mahari wakadaiwa.

Ndipo Mjerumani na Mwingereza wakaanza kupigana kule Songwe. Askari walikuja asubuhi wakakusanya wanaume wa kubeba mizigo, baba yangu akiwemo. Miezi ikapita. Jirani mmoja aliyerudi, mifupa mitupu, alituambia baba alianguka njiani na mzigo wake, wakamwacha hapo hapo. Hatukuwa na maiti ya kuzika.

Watu walikusanyika kuomboleza. Babu aliweka ipango magotini, lakini mikono haikwenda. Kisha akaniita, akanipa ule ubao.

"Mpelekee mama yako," alisema. "Mwambie ampigie mumewe, mimi siwezi. Tangu mwaka juzi namsikia."

Wazee walinung'unika, maana mwanamke hakupiga ipango msibani. Babu aliupa mlango mgongo, akatazama mtoni, ili mama aweze kukaa mlangoni. Mama alianza polepole, halafu vidole vikashika njia zake. Alipiga nyimbo za babu, na ndani yake mambo ambayo babu mwenyewe hakuwahi kuyapiga. Wapiga ngoma waliweka ngoma chini. Alipomaliza, babu aliniambia nimpelekee neno moja tu: "Ndaga." Asante.

Babu hakugusa ipango tena. Askari walikuwa wamechukua ng'ombe na mahindi, na njaa iliyofuata ilimmaliza kabla ya mavuno.

Baada ya kumzika babu, mama aliniuliza jambo alilolibeba miaka yote: vidole vya babu vilikuwa vinakwendaje? Nilikuwa mtoto, nikasema kweli. Nilimwambia babu alitumia viwili tu, gumba na cha shahada.

Mama alilia kuliko siku ya msiba wa baba. "Kumbe nilikosea tangu mwanzo," alisema. Leo ningejua la kumwambia.

Siku hizi wakwe wanapeana mikono na baba mkwe na kula naye meza moja, wala siwaonei kinyongo. Vijana wana magitaa ya dukani. Wakijua nyimbo mbili wanajiita mafundi. Wanakaa mbele ya mwalimu, wanaitazama mikono yake mpaka wanachoka, na bado wanapiga kama yeye tu. Mama yangu alimpita mwalimu wake, akafa akiamini kwamba hakumfikia.