Betri ya harusi yangu ilivyofunikwa kama tumbaku, Usoke enzi za Ujamaa

Wakuu, salaam nyingi.

Nimemwona jamaa humu analia betri yake ya sola imevimba, nikacheka peke yangu. Ngoja niwape kisa changu, na chumvi sijaongeza.

Enzi hizo tulikuwa kijiji cha Ujamaa huko Usoke. Umeme hakuna, sola hatujawahi kuisikia. Baba alikuwa mkulima wa tumbaku na ndiye aliyeangalia mashine ya kusaga ya kijiji, nyuma ya nyumba yetu. Injini yake ilikuwa na dainamo ya kuchajia betri.

Mimi naolewa Tabora mjini, kwa watu wa maduka. Baba kawaahidi wakwe santuri na spika, wasije wakatuona washamba. Roho yake yote ilikuwa hapo.

Sasa mkulima wa tumbaku ni mtu wa kufunika. Jani likipata baridi limeharibika. Baba kaichukua betri ya kupigia hiyo santuri, kaiweka ndani ya bani la kukaushia tumbaku, bado lina joto. Kaifunika magunia, kavuta waya kutoka kwenye dainamo, akaiacha inachaji tangu siku moja kabla ya harusi. Eti moto usipotee!

Asubuhi ya harusi niko ndani nimepambwa. Mama mkwe kaingia kuniona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona kunanuka mayai viza?"

Akafuata harufu hadi kwenye bani. Mimi nawatazama dirishani. Betri ilikuwa inatokota! Baba kasimama pale kanywea, nikamwonea huruma mpaka machozi.

Mama mkwe hakumcheka. "Mkwe wangu, zima injini kwanza. Hii inataka hewa, haitaki blanketi."

Magunia yakatolewa. Betri ilipoacha kutokota wakaitoa nje, wakaiweka kivulini juu ya matofali. Ilipopoa kabisa ndipo wakaongeza maji ya betri, maana yalikuwa yamekauka sana.

Wageni wakaanza kunong'ona, muziki uko wapi? Mama mkwe akawajibu kwa sauti, "Mkwe wangu anaipumzisha. Wenye kujua ndivyo wanavyofanya!"

Adhuhuri spika ikalia. Baba, ambaye sijawahi kumwona akicheza, alicheza mpaka kofia ikadondoka! Nilifurahi siku ile, wakuu, acheni tu.

Kwa hiyo wenye sola, betri isikae chini ya bati wala kwenye kabati lililofungwa. Ipeni nafasi ipumue, msiifunike, na ikishajaa isiendelee kusukumiwa chaji. Ya maji, mwangalie maji yake. Ikipata moto, kata chaji kwanza.

Mama mkwe amefariki akiwa hajamwambia mtu habari ya yale magunia, hata mwanawe. Mume wangu ndiyo kwanza anaisoma hapa leo, kama ninyi.

Haya, ninyi za kwenu mmeziweka wapi? Semeni ukweli, hata kama ni chini ya kitanda.