Mama na Sinema Isiyo na Nyimbo

Mama yangu ametazama sinema nyingi, ila moja tu ndiyo yake. Aliiona Jumapili moja mchana, mjini, akiwa msichana aliyetoka Masasi kuja kufanya kazi ya ukarani, na aliyempeleka ni kijana ambaye baadaye akawa baba yetu. Ilikuwa ya Wamarekani, ya kuchekesha, ya zamani hata kwa wakati ule. Kiingereza chao hakukielewa. Alielewa ngazi.

"Ngazi ndefu, zina zulia," alikuwa akitusimulia. "Steringi, yule mchezaji mkuu, ni mhudumu wa hoteli, kabeba trei ya glasi. Anamfuata yule binti, binti kanuna. Basi steringi anaanza kuimba. Anashuka anaimba, anapanda anaimba, miguu myepesi, glasi hata moja haidondoki! Binti anavua kiatu anamrushia, kiatu kinadakwa na trei. Na binti naye anaanza kuimba. Wimbo unaisha, hasira zimekwisha. Hapo ndipo baba yenu akanishika mkono."

Akifika hapo sauti ilikuwa inashuka. Ilikuwa aghalabu saa tisa alasiri, sebuleni kwetu Kinyerezi, feni ikizunguka kivivu, pazia likijaa upepo na kunywea. Mie nikiwa nimejilaza kwenye kochi, nusu nimelala, niliziona zile ngazi zikishuka kutoka darini, zikipita pembeni ya friji mpaka miguuni pangu, na watu waliovaa vizuri wakizikanyaga bila kelele. Kwa miaka mingi ya utoto niliamini baba alikuwa mmoja wa watu wa hoteli ile, na kwamba alitoka mle siku moja akaja kutuzaa.

Mama alisema baba aliendelea kuupiga mluzi wimbo ule mpaka siku zake za mwisho. Huenda. Baba, Mungu amrehemu, alipiga mluzi hovyo hovyo, usingejua kama ni wimbo au anaita mbwa.

Mwaka jana nikaipata sinema yenyewe. Nilimweleza mwenye kibanda cha kurushia muvi kule Bunju ninakoishi: hoteli, mhudumu, ngazi, binti aliyenuna. Alitafuta siku kadhaa, akanirushia kwenye flashi, tena iliyotafsiriwa, maana huku kwetu sinema ya nje bila sauti ya mtafsiri juu yake ni kama haijaiva. Nikaipeleka Kinyerezi nikiwa na furaha ya kipumbavu. Kaka yangu naye akaja kutoka Temeke, tukakaa watatu mbele ya televisheni.

Ilikuwa nzuri kweli. Steringi mwembamba, masikio yamemtoka, anatembea kama ardhi inamtekenya. Binti ana mashavu ya kucheka hata akiwa amekasirika. Mwenye hoteli, mnene, anajifuta jasho kila akimwona mgeni. Kuna mabibi wawili wanaozimia kwa pamoja, na mtafsiri aliwageuza wakwe waliokuja ghafla kutoka Vingunguti. Kaka alicheka mpaka akashuka kwenye kochi.

Zikaja ngazi. Zulia lipo, trei ipo, glasi zipo. Mama akasogea mbele. Steringi akakanyaga ngazi ya kwanza, akafungua mdomo, na papo hapo tukawaona wote wawili wako juu kabisa, wanacheka, binti mguu mmoja hauna kiatu. Mtafsiri akasema, "Basi bwana, wameshayamaliza." Sinema ikaendelea.

"Na wimbo?" Mama akauliza.

"Wimbo gani, mama?"

"Wimbo wa ngazini."

Tukarudisha nyuma mara tatu. Hakukuwa na wimbo pale, wala popote katika sinema nzima.

Sasa, mie ni mwalimu wa hesabu, na hulka yangu inajulikana: jibu ni sahihi au si sahihi. Wakati huo Mama alikuwa ameshaunguza maharage mara mbili, na siku moja aliniita kwa jina la shangazi aliyefariki zamani. Kaka alikuwa akimbembeleza ahamie kwake Temeke, nyumba tuipangishe, na Mama alikuwa akikataa katakata. Mie nilikuwa sijaamua niko upande gani. Siku ile nikaamua. Nilimwambia kwa ile sauti ya upole ninayomwekea mwanafunzi aliyefeli: "Mama, hakuna wimbo. Uliuota."

Hakubisha.

Wiki mbili baadaye alitupigia mwenyewe, akasema atahama. Tulifurahi sana, Mungu atusamehe. Hata maneno yake yalikuwa yamepungua, hadithi za zamani hatuzisikii tena, na sie tukasema ametulia.

Siku chache kabla ya kuhama nilipita tena pale kibandani. Nilitaka nakala safi zaidi, awe nayo chumbani kwake Temeke.

"Nikuwekee iliyotafsiriwa au yenyewe, mwalimu?" mwenye kibanda akauliza.

"Kwani tofauti yake nini?"

"Yenyewe ndefu. Imejaa manyimbo. Kwenye zilizotafsiriwa huwa tunayakataga hayo, mtafsiri akifika kwenye wimbo hana la kusema, wateja wanaboreka."

Nilimwambia aifungue pale pale. Aliponionyesha ngazi, nilimfokea mbele ya wateja wake kama ameniibia, naye maskini akabaki ananishangaa na kipanya cha kompyuta mkononi. Hakuwa na kosa. Niliyekuwa namfokea hasa ni mimi mwenyewe.

Kinyerezi nilifika saa tisa, masanduku yamepangwa ukumbini, mitambo ya umeme wa gesi ikivuma kwa mbali. Sikueleza kitu. Nilichomeka flashi, nikapeleka mbele mpaka ngazini, nikakaa.

Steringi akakanyaga ngazi ya kwanza, akafungua mdomo, na safari hii wimbo ukatoka. Akashuka nao, akapanda nao. Glasi zikatetemeka juu ya trei, zikalia kidogo, hazikudondoka. Kiatu kikaruka polepole hewani, kikatua katikati ya glasi. Sebule ikawa ndefu na ya zulia, pazia likajaa upepo, na vidole vya miguu ya Mama vikaanza kucheza ndani ya kandambili. Aliimba nao, maneno ambayo si ya lugha yoyote, bila kukosea mahali pa kupumua.

Nilisubiri aniambie, si niliwaambia? Nilitaka anifokee. Wimbo ulipoisha akaniomba nisimamishe.

"Kumbe nilikwenda," akasema.

"Wapi, mama?"

"Sinema. Na baba yenu." Alikuwa bado anaangalia picha iliyosimama. "Nyie mliposema wimbo nimeuota, nikajiuliza, je, na ule mkono? Kama kichwa kimetunga wimbo mzima, kitashindwa kutunga mkono wa mtu? Nikaona bora nianze kumwacha baba yenu, kidogo kidogo, kabla hamjaniambia na yeye hakuwepo."

Nililia. Siwezi kuandika vinginevyo. Kisha nikampigia kaka, nikamwambia asije na gari Jumamosi. Akauliza kama Mama amepona. Nikamwambia hapana, anasahau kama alivyokuwa anasahau, ila haondoki hapa.

Mama alikuwa akinisubiri nimalize simu. Alikuwa na jambo ambalo hajawahi kutusimulia: siku ile baba alivaa suruali ya kuazima, fupi, na muda wote mle gizani alikuwa akiivuta chini ifike viatuni, akidhani Mama haoni.