Nilimrekebisha baba kwa TV mpya, mama akakataa

Wakuu, habari za humu. Hii ni ya kwetu Kangundo na sijaongeza chumvi. Mwaitu, yaani mama yangu, angekuwa na simu ya kuingia humu angeshuhudia mwenyewe.

Miaka ya 2000 ikielekea mwisho, nilikuwa kwa kiwanda huko Athi River. Nikanunua flat screen, nikaipeleka nyumbani.

DVD ikacheza poa. Lakini mwaitu alitaka kitu moja tu, kanda ya VHS ya harusi ya dada yangu Mwende. Ndani yake ndiko tu baba anaonekana akitembea na kuongea. Siku hiyo alikuwa tayari anaugua, na hakumaliza mwaka.

TV yetu ya zamani, ile ya mgongo, ilikuwa imekufa kitambo, so mwaitu alikuwa amekaa miaka mitatu bila kumuona.

Nikasafisha deki yetu ya kuchezea kanda na pamba na spirit, nikachomeka waya: njano, nyeupe, nyekundu. Zikaanza chenga kwa screen. Halafu baba huyu hapa na microphone, anashukuru wakwe.

Shida ni kwamba alikuwa mnene. Mashavu yamejaa, koti limembana. Kumbe picha ya kanda ni ya mraba na TV hizi ni pana, kwa hivyo inavuta watu kwa upande. Mwende kwa gauni alikuwa anatoshana na mlango wa kanisa. Mwende mwenyewe, tulikuwa naye hapo tukiangalia, akaniambia nizime kabla bwanake afike.

Mwaitu aliacha kuchagua ndengu za kupika, akawa anaangalia tu.

Mimi na ujuaji wangu nikashika remote. Menu, picture size, 4:3. Picha ikakaa sawa, na baba akarudi kuwa vile alikuwa siku hiyo, amekonda, shingo imepotea ndani ya kola. Nikageuka nipokee sifa.

Mwaitu alikuwa ameinamia ndengu zake.

"Rudisha vile ilikuwa," akasema.

"Lakini mwaitu, hii ndiyo ya ukweli."

"Huyo wa ukweli nilimwosha, nikamlisha na kijiko. Namjua. Nirudishie yule alinioa."

Wakuu, niliona haya. Nikarudisha. Mwaitu akasogeza kiti karibu, akamwangalia mpaka kanda ikaisha, akaniambia nirudishe mwanzo.

Tangu siku hiyo, hiyo setting haiguswi. Hata wasomaji habari kwetu ni wanene, na Mwende amezoea.

Nilichojifunza: kabla hujarekebisha kitu, uliza mwenye anakitumia kama kimeharibika.

Nyinyi kwenu mko na kanda ya nani? Na kama kuna fundi humu wa kuhamisha VHS kwa DVD, anipigie kelele hapo chini. Namtaka mzee atoke akiwa mnene hivyo hivyo.