Aliyeniita Binti Yangu

Mwanangu alibeba jina la baba yangu mzazi, na kwetu mtoto wa namna hiyo mama yake anamwita baba. Yeye naye, toka alipojua kusema, aliniita binti yangu. Hata alipokuwa mwanaume mwenye mke na pikipiki, akiingia mlangoni ni lile lile: "Binti yangu, umekula?" Mbele ya wageni alinyamaza, aliona haya. Nje ya nyumba yetu hapa Nyamianda hakuna aliyelijua.

Alipeleka abiria Luvungi wakati wa mapigano, hakurudi. Maiti hatukuona, pikipiki hatukuona. Tuliuliza hospitalini, tukauliza gerezani, mpaka watu wakachoka kutuonea huruma.

Ndipo siku moja mkewe akanijia mbio na simu kifuani.

"Mama! Iko muzima! Ameniandikia!"

Konti iliyoandika, ile akaunti ya mtandaoni, ilikuwa na jina lake na sura yake. Akanisomea: "Nisalimie mama yangu mpendwa."

"Huyo si mume wako," nikamwambia.

"Mama, weye hata kusoma haujui muzuri!"

"Kusoma sijui, kuzaa nilizaa. Mama mpendwa ni nani humu ndani? Na picha iko moja tu, ile ya ndoa yenu, weye mwenyewe uliitia huko watu waione. Mwambie atume sauti."

Akaandika. Jibu likaja: mikro ya simu imekufa.

"Umeona?"

"Mateso inabadilisha muntu, Mama." Nikamwacha.

Kesho yake nilikuwa uani napepeta ndagala, dagaa wakavu wa ziwani. Akatoka na simu, akasoma kwa sauti kubwa: "Binti yangu, umekula?"

Ungo ukaniponyoka. Nikakaa chini kwenye vumbi, nikalia, nikaiita ile simu: "Baba! Baba, uko wapi?" Kisha nikamtazama mkewe. Halii. Anatazama ndagala zilizomwagika.

"Ulimwambia."

"Unisamehe, Mama. Kuamini peke yangu ilinishinda."

Sikumtukana. Niliumia kuliko siku mwanangu alipopotea, maana siku ile nilibaki na kitu. Sasa mwizi nisiyemjua analo neno lake, na anaweza kuniamkia nalo kila asubuhi.

"Na mume wako mwenyewe akiandika kesho," nikamwuliza, "tutamtambua kwa kitu gani?"

Alizoa ndagala, akazirudisha kwenye ungo. Halafu akaona simu inataka kuzimika, akaipeleka kwa jirani mwenye solari ikachajiwe.