Kubwiro na Pazia la Kijivu

Kwa miaka ishirini na miwili amewaambia watu maneno yaleyale matatu: "Kidevu juu kidogo." Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Kidevu. Mkewe, fundi wa nguo ambaye cherehani yake iko chumba cha mbele cha studio hiyohiyo, ndiye pekee anayemwita Baba Mapacha. Kidevu hupiga picha za pasipoti na vitambulisho. Masharti ya kazi yake ni machache na hayana huruma: masikio yaonekane, mdomo ufungwe, nyuma kusiwe na kitu.

Nje ya kazi ana ndege mmoja. Anaitwa kubwiro: manjano kama kiini cha yai, kichwa cheusi, mdomo mwekundu, na mluzi mnene unaosikika muda mrefu kabla mwenyewe hajaonekana, ikiwa ataonekana. Hukaa juu, ndani ya majani. Kwa miaka sita Kidevu ameufuata mluzi huo kila Jumapili katika msitu ulio nyuma ya tangi la maji, na amerudi na mamia ya picha za majani.

"Leo umempata?" mkewe huuliza.

"Nimepata mkia."

"Wiki iliyopita bawa. Ukienda hivyo, uzeeni utakuwa na ndege mzima."

Mwaka jana kubwiro wakaja wenyewe. Walisuka kiota kwenye panda la mparachichi uani, mita nne kutoka dirisha la jikoni. Kidevu aliisimika kamera dirishani, na mkewe akahamishia sufuria upande wa pili bila kuombwa. Makinda wawili wakaanguliwa.

Tatizo likawa majani. Kila ndege alipotua, jani lilimkata shingo pichani. Siku ya tano, wazazi wakiwa mbali, Kidevu alipanda ngazi akakata vitawi vitatu, kimoja cha mbele na viwili vya nyuma. Hakufikiri sana, mikono yake ilifanya inachofanya kutwa nzima. Alipoteremka, kiota kilikuwa peupe kama uso wa mteja.

Picha aliipata mchana huohuo. Jike mzima, jicho kali, na nyuma yake anga tupu. Akampelekea mkewe, naye akaiangalia kwa muda.

"Nzuri," alisema. "Mbona kaachama?"

Kidevu, ambaye humrudisha mteja kitini kwa sababu ya jino moja kuonekana, hakuwa ameliona hilo. Wakaenda dirishani. Ilikuwa saa saba. Jike alisimama juu ya makinda, mabawa nusu wazi, akihema. Jua lilikuwa limemwangukia wima.

"Umemvua paa, Baba Mapacha."

"Nilitaka aonekane."

"Anaonekana. Na kunguru naye ana macho."

Kidevu alivifuata vitawi chini ya mti. Vilikuwa vimeshanyauka. Alipogeuka, mkewe alikuwa anatoka studio na pazia la kijivu mkononi, lile la kutundikwa nyuma ya wateja, ambalo alilipinda mwenyewe kwa cherehani.

"Hilo ni la kazi, Mama Mapacha."

"Na huyu yuko starehe? Shika ngazi."

Walilifunga kwa fito mbili, umbali wa mkono mmoja juu ya kiota. Wazazi waliruka wakatoweka. Dakika ishirini zikapita, kisha arobaini. Makinda walinyamaza. Kidevu aliketi juu ya ndoo nyuma ya mlango wa jikoni, na kamera akaigeuza ikatazama ukuta.

"Wasiporudi?" aliuliza.

Mkewe alikuwa akimenya viazi, na kiazi kimoja alikimenya mara mbili.

Mluzi ulitokea upande wa tangi la maji. Baadaye kidogo jike alipita chini ya pazia, kiwavi mdomoni, na makinda wakaanza kelele.

Kwa siku kumi na moja studio haikuwa na pazia. Wateja Kidevu aliwaelekeza ng'ambo ya barabara, kwa mpinzani wake. Mwalimu mmoja aliyekuja na fomu zake hakuelewa.

"Yaani pazia ameazima ndege?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Analirudisha lini?"

"Watoto wakijua kuruka."

Waliruka Alhamisi asubuhi, Kidevu akipiga mswaki. Hakupata picha. Ile ya anga tupu ameiweka kwenye droo. Humtolea mtu anayekuja kuomba ushauri wa kupiga ndege, na kabla hajaanza kuisifu humwonyesha mdomo wa jike ulioachama.

Pazia limefuliwa mara mbili, lakini doa moja la kinyesi limekataa kutoka. Mteja akiketi, Kidevu huvuta stuli kushoto kama shubiri moja, mpaka kichwa kilifunike. Kisha husema maneno yake matatu.