Mbuzi wa Krismasi na Mtihani wa Aikande

Wenzangu mliolea watoto miaka ile mitumba ilipoanza kufurika sokoni Moshi, nyie mtanielewa. Watoto walikuwa wengi, nafasi za sekondari chache kama meno ya kuku. Mtoto akimaliza darasa la saba asichaguliwe, basi, jembe lile pale, au anapelekwa mjini kulea watoto wa watu.

Binti yangu Aikande hakuchaguliwa. Alilia siku mbili. Siku ya tatu akaja wifi yangu Ndekira kutoka Njoro, tumbo la miezi minane linamtangulia, akasema, "Wifi, msihangaike. Mleteni kwangu, nitahitaji wa kunishikia mtoto." Alisema kwa wema, lakini maneno yale yalinichoma. Ulikuwa umebaki mlango mmoja: shule ya bweni ya kanisa iliyokuwa na mtihani wake yenyewe, mara tu baada ya Mwaka Mpya. Na mtihani wenyewe, watu walisema, sayansi ndiyo inayoangusha.

Sayansi tungeitoa wapi? Mwalimu Aminieli aliyekuwa akiifundisha aliacha chaki katikati ya mwaka, akaenda kuuza viatu vya mitumba Majengo. Nikamfuata huko huko. Nilimkuta amezungukwa na viatu, kila kimoja kinamtafuta mwenzake.

"Shikamoo, mama Aikande!"

"Marahaba. Mwalimu, umetuacha tunaning'inia."

Akacheka kwa aibu. "Mama, chaki haivishi watoto." Lakini alikuwa na moyo mzuri yule kijana. Kesho yake alimpa mtu daftari lake kuukuu aniletee, lenye sayansi yote kuanzia mbegu hadi umeme.

Mimi niliishia darasa la pili, kusoma nikamalizia kwenye kisomo cha watu wazima. Nasoma, ila polepole, kidole kinatangulia. Basi tukawa tunapitia daftari mchana, uani, mimi nachambua maharage, Aikande anajibu. Wadogo zake Nuru na Elisante hawakukubali kubaki nje. Wakaja na wa jirani: Stela, Godlisteni, Anande, na yule Joisi mwenye mwanya. Uwanja ukageuka darasa lisilo na mwalimu.

Mae! Watoto wale walikuwa na vichwa! Njia ya chakula waliikariri wakiruka kamba: "Mdomo! Koo! Tumbo! Utumbo mwembamba! Utumbo mpana!" Ukikosea unatoka, unashika kamba. Nyenzo walijifunza kwa gogo lililolazwa juu ya jiwe, huku wawili, kule wawili, wanabembea na kupiga kelele, "Egemeo katikati, daraja la kwanza!" Toroli la samadi likawa daraja la pili kwa sababu mzigo ndio uko katikati, na Elisante akawa mzigo kila mara kwa kuwa alipenda kubebwa. Nilipofika kwenye hali tatu za maada, Nuru alinyoosha mkono akaonyesha kilele cha Kibo: barafu ile pale. Kisha mfereji wetu unaoshuka mgombani: maji haya hapa. Kisha chungu changu cha mtori wa ndizi jikoni: mvuke ule kule. Daftari nikalifunga. Ningeongeza nini?

Shida ikaja kwenye viungo vya mwili. Nilimuuliza Aikande, "Kazi ya figo ni nini?"

Akajibu haraka, "Figo ni za babu."

"Ini?"

"La wanaume wanaochinja."

"Mgongo?"

"Wako, mama."

Nilitaka kucheka, nikashindwa, maana hofu ilinishika. Lakini kosa halikuwa lake. Tangu atambae ameona mbuzi akichinjwa nyuma ya nyumba, nyama ikigawanywa juu ya majani ya mgomba, kila ndugu na fungu lake. Viungo alivijua kwa majina ya wenyewe. Kila nikimuuliza kazi, kichwani kwake anakuja mtu.

Krismasi ikafika, na ukoo wote ukapanda mlimani kwetu. Baba mkwe wangu, Meku Elisaria, akachinjisha beberu. Nikajikaza, maana mwanamke kuingilia ugawaji wa nyama si jambo dogo, nikapiga goti mbele yake. "Baba, naomba leo mtu asichukue fungu lake mpaka Aikande aseme kazi ya kiungo."

Wanaume wakaguna. Meku akanitazama, akamtazama mjukuu wake. "Haya. Mtoto aseme."

Aikande akaanza. Moyo husukuma damu. Mapafu huingiza hewa safi na kutoa chafu. Ini hutengeneza nyongo, huondoa sumu. Zikafika figo, akamtazama babu yake: "Figo huchuja damu, uchafu unatoka na mkojo." Meku akapokea figo zake akacheka, "Kumbe nimekuwa nikila chujio miaka yote hii!" Kwenye bandama mtoto akakwama. Nyama inapoa, pombe ya mbege inangoja. Meku akasema, "Kazi ya bandama ni kuchelewesha watu kula." Uwanja mzima ukalipuka, na Aikande, katikati ya kicheko, akapaza sauti, "Huondoa chembe kuukuu za damu!" Hata mashemeji waliokuwa wakinung'unika wakapiga makofi.

Mtihani ukaja, ukapita. Wiki tatu nilikuwa nasikia kila hatua ya mtu njiani. Jumapili moja, baada ya ibada, mchungaji akasema kutoka usharika wetu wamechukuliwa wasichana wawili. La kwanza halikuwa jina letu. La pili likawa Aikande. Sikusikia tena kitu, maana Nuru, Elisante, Stela, Godlisteni, Anande na Joisi walipiga kelele ndani ya kanisa mpaka mzee wa kanisa akawatoa nje. Ndekira alikuwa pale na kichanga chake mgongoni. Akanikumbatia, akasema, "Basi nitamlea mwenyewe."

Juzi mjukuu wangu Brayani alikuwa na mtihani kama ule. Ana tuisheni, ana simu inayomwonyesha moyo unapiga kwa rangi. Nikamwambia, "Njoo nikuulize maswali." Akatoa kitu kimoja sikioni, akasema kwa upole, "Usijali, bibi, nimeshamaliza." Nyama ya Krismasi tulinunua kilo mbili, imekatwakatwa, hujui bega wala paja. Amefaulu, na vizuri sana. Habari niliipata kwa simu, nikiwa peke yangu jikoni. Nikapiga vigelegele. Halafu nikatoka uani nitafute wa kunipokea vigelegele.